Chuo Kidogo cha Kanisa, Mahali Usipoweza Kujificha

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia aina ya chuo ambayo imestawi Marekani kwa wingi wa pekee, yaani chuo kidogo cha sanaa huria, ambako mwanafunzi husoma masomo mengi mapana badala ya fani moja tu, kilichoanzishwa na kanisa, chenye wanafunzi mia kadhaa au elfu mbili tatu, ambao wengi wao husoma, hulala, hula na kusali katika eneo moja. Ndugu Hamisi, wewe husema kwamba vyuo hivi husifiwa kupita kiasi, kwa hiyo nimeona nianze na mtu ambaye itakuwia vigumu kumpinga.

HAMISI: Nimekwisha kumtambua kabla hujamtaja, dada Neema. Utaanza na Profesa Wangari Maathai.

NEEMA: Naam. Mwaka 1960, akiwa ametoka shule ya Loreto huko Limuru, alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Alikwenda kwa mpango wa safari za ndege za wanafunzi ulioasisiwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, ambao ndege yake ya kwanza iliondoka Nairobi mwezi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Serikali ya kikoloni ilikuwa haina nafasi za kutosha za elimu ya juu kwa Waafrika, na Mboya alipobisha hodi Marekani, vyuo vidogo, vingi vikiwa vya makanisa, vilikuwa miongoni mwa vilivyofungua milango.

HAMISI: Nisingependa tuseme walifunguliwa milango tukaishia hapo. Wakiwa njiani kwa basi kutoka New York kwenda Kansas, yeye na wenzake waliingia katika mkahawa mmoja jimbo la Indiana, wakaambiwa kwamba soda zao wakanywee nje. Kampasi ilikuwa na ukarimu wake, lakini nchi iliyoizunguka ilikuwa na sheria na mazoea mengine, na mwanafunzi Mwafrika aliishi katika vyote viwili.

NEEMA: Ni kweli, na ndiyo sababu kampasi ile ilikuwa na uzito mkubwa maishani mwake. Hebu tazama alichosoma. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, lakini kwa kuwa chuo cha sanaa huria hakimruhusu mwanafunzi kujifungia katika somo moja, alichukua pia kemia na Kijerumani. Mtu angeweza kuuliza Kijerumani kinamsaidia nini msichana wa Nyeri anayetaka kuwa mwanasayansi. Alihitimu mwaka 1964, akachukua shahada ya uzamili Pittsburgh, akarudi Nairobi kufanya kazi ya anatomia ya wanyama, na ilipofika mwaka 1967 akawa anafanya utafiti wake wa uzamivu nchini Ujerumani, Giessen na Munich. Somo la pembeni ndilo lililomrahisishia njia.

HAMISI: Hapo sina ubishi, ingawa naona tunamhesabia Kijerumani na kusahau kazi ya likizo. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya Kansas City, akajifunza kuandaa tishu kwa ajili ya hadubini, na ustadi huo wa mikono ndio uliomfaa alipotafuta ajira Nairobi. Mimi huwa nasema elimu pana ni nzuri endapo mahali fulani kuna mtu anayekufundisha kushika chombo.

NEEMA: Basi utakipenda chuo cha Berea, kule Kentucky. Kilianzishwa mwaka 1855 na mchungaji John G. Fee, aliyepinga utumwa, na kauli mbiu yake imetoka Matendo ya Mitume 17:26, kwamba watu wote wa dunia ni wa damu moja. Hakifungamani na dhehebu lolote, ila ni cha Kikristo tangu msingi wake. Tangu mwaka 1892 hakimtozi mwanafunzi ada ya masomo, na kila mwanafunzi lazima afanye kazi chuoni, saa zisizopungua kumi kwa wiki. Kuna anayehudumu maktabani, kuna anayelima shambani, kuna anayefuma nguo, na kuna karakana ambamo wanafunzi hufunga mafagio kwa mkono, na mafagio hayo huuzwa.

HAMISI: Habari ya Berea ninayoipenda zaidi ni ile ya sheria. Wanafunzi weusi na weupe walikaa darasa moja pale tangu baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mpaka Bunge la Kentucky lilipopitisha sheria mwaka 1904 ya kukataza jambo hilo. Chuo kilikwenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908, na wanafunzi weusi hawakurudi hadi sheria ilipolegezwa mwaka 1950. Hapo chuo kilikuwa na andiko lake mlangoni, na serikali ikakilazimisha kuishi kinyume cha andiko hilo kwa zaidi ya miaka arobaini.

NEEMA: Tuingie sasa katika maisha ya kila siku, maana huko ndiko chuo cha kanisa kinakotofautiana na chuo kikubwa cha serikali. Katika vyuo vya Kilutheri vya Minnesota kama St. Olaf na Gustavus Adolphus, kuna kipindi katikati ya asubuhi ambacho hakipangiwi darasa lolote, ili anayetaka ibada aende. Ni ya hiari. Anayeongoza anaweza kuwa mchungaji wa chuo, au mhadhiri wa fizikia, au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na hotuba yenyewe huwa fupi kwa sababu baada ya muda mfupi watu wanatakiwa darasani.

HAMISI: Na asiyetaka ibada hunywa kahawa. Huo ni mpango wa busara, kwa sababu ukimpa kijana nafasi bila kumhesabu mahudhurio, atakayekuja amekuja kweli. Lakini si vyuo vyote vilivyo hivyo. Wheaton, kule Illinois, huwataka wanafunzi wake kuhudhuria ibada, na kila anayejiunga hutia saini ahadi ya mwenendo. Hadi mwaka 2003 dansi ya kawaida tu ilikuwa imekatazwa kwa wanafunzi wake. Mimi sioni ubaya wa chuo kuwa na kanuni, ninachotaka ni kwamba kijana azijue kabla hajafungasha mizigo.

NEEMA: Kuna kanuni nyingine zisizoandikwa ambazo hujenga tabia ya mahali. Earlham, kule Richmond, Indiana, kilianzishwa mwaka 1847 na Kanisa la Marafiki, ambalo wasikilizaji wetu wa Kaimosi na Vihiga wanalifahamu vyema. Marafiki hawapendi vyeo, kwa hiyo pale mwanafunzi humwita profesa wake kwa jina lake la kwanza.

HAMISI: Hilo lingemtoa jasho kijana wetu yeyote.

NEEMA: Lingemtoa jasho wiki ya kwanza, kisha angezoea. Na hata maamuzi ya vikao hawayafikii kwa kupiga kura, bali kwa kuzungumza hadi kikao kione kwamba kimepata mwelekeo mmoja, jambo ambalo hula muda mwingi sana.

HAMISI: Wazee wetu barazani wangelielewa bila kufundishwa. Lakini nitaje Goshen pia, chuo cha Wamenonaiti, hukohuko Indiana, kwa sababu kinaonyesha kwamba imani ya kanisa inaweza kuleta ugomvi mpaka uwanjani. Wamenonaiti ni watu wa amani wasiobeba silaha, na kwa miaka mingi chuo hicho hakikupiga wimbo wa taifa la Marekani kabla ya mechi, kwa kuwa wengi wao waliona wimbo huo unatukuza vita. Mwaka 2010 chuo kikaanza kuupiga kwa ala, bila maneno, wahitimu na baadhi ya wanafunzi wakalalamika, na mwaka 2011 bodi ikaamua utafutwe wimbo mwingine. Wapo waliokiona chuo hicho hakina uzalendo, na wapo waliokiona kimerudi kwenye mstari wake.

NEEMA: Na chuo hichohicho, tangu mwaka 1968, kimekuwa kikipeleka wanafunzi muhula mzima nje ya nchi, wakikaa na familia za wenyeji, wakisoma lugha na kufanya kazi za huduma. Nadhani mambo hayo mawili yana mzizi mmoja.

HAMISI: Sasa, dada Neema, niruhusu niseme ninachokiona kuwa mzigo. Katika chuo cha watu elfu moja, ukikosa darasa, mhadhiri anajua, na jioni bwaloni mtu anakuuliza unaumwa nini. Ukifiwa, watakuja mlangoni. Ukikosana na mchumba wako, hilo nalo watalijua. Kijana anayetaka kujaribu kuwa mtu mwingine, au anayeanza kuwa na shaka na imani ya nyumbani kwao, hana kona ya kukaa peke yake.

NEEMA: Unalolieleza ndilo lililomjenga Wangari, ambaye masista na wenzake walimwita Mary Jo. Alikuwa mbali na kwao kwa miaka minne, bila simu za bei nafuu wala nauli ya kurudi likizo, na mahali palipomjua kwa jina palimfaa kuliko mahali pakubwa.

HAMISI: Kwake yeye, ndiyo. Ila huwezi kumpima kila kijana kwa Wangari. Na tusisahau fedha, kwa sababu udogo huohuo ndio unaoviua vyuo hivi. Chuo kisicho na mfuko mkubwa wa wakfu, yaani akiba iliyowekezwa ili faida yake ikiendeshe, huishi kwa ada, na idadi ya wanaojiunga ikipungua kwa miaka michache mfululizo, mishahara inakuwa ya kukopa. Iowa Wesleyan, chuo cha Wamethodisti cha tangu mwaka 1842, kilifungwa mwaka 2023. Birmingham-Southern, cha Alabama, nacho cha Wamethodisti, kilifungwa tarehe 31 Mei 2024, siku ileile ambayo timu yake ya besiboli ilikuwa ikianza mashindano ya kitaifa huko Ohio. Wachezaji waliingia uwanjani wakiwa na jezi za chuo kisichokuwepo tena.

NEEMA: Mount St. Scholastica chenyewe hakipo kwa jina hilo. Mwaka 1971 kiliungana na chuo cha wavulana cha watawa Wabenedikto wa mji huohuo, vikawa Benedictine College, ambacho kipo hadi leo. Kuungana ni njia mojawapo ya kunusurika. Njia ya Berea ni nyingine: wakfu wake umepita dola bilioni moja, na ndiyo maana unaweza kubeba ahadi ya kutotoza ada.

HAMISI: Msikilizaji mmoja ametuuliza kama kijana Mwislamu anaweza kusoma katika chuo kama hiki bila usumbufu. Wewe ungemjibu vipi?

NEEMA: Ningemwambia kwamba vingi hupokea wanafunzi wa dini zote, lakini vichache huwataka waombaji watamke imani ya Kikristo, kwa hiyo asikisie. Aombe mwongozo wa wanafunzi, autazame ukurasa wa ibada, aone kama ni hiari au ni lazima, kisha aulize ni kozi ngapi za Biblia zinazohesabiwa katika kuhitimu.

HAMISI: Nami ningeongeza kwamba amwulize ofisa wa udahili ni sehemu gani ya bajeti ya chuo inayotokana na ada, na chuo kina mpango gani kwa wanafunzi endapo kitafungwa kabla hawajahitimu. Ofisa atakayekwepa swali hilo amekwisha kulijibu.