Kitambaa cha Suti kwa Siku za Fukuto

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja. Nianze na jambo ambalo wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza: katika fukuto, suti ya sufu yaweza kukupa nafuu kuliko ya pamba.

Joto kavu na fukuto ni vitu viwili. Kwenye joto kavu jasho hukauka upesi, nawe ukapoa. Kwenye fukuto hewa imekwisha kushiba mvuke, jasho linabaki palepale juu ya ngozi. Kinachosaidia hapo ni hewa kupita: ile iliyonaswa ndani ya koti itoke, nyingine iingie. Ndiyo maana simsifu mtu anayechagua kwa kupapasa tu, akakimbilia kitambaa chembamba kuliko vyote. Kitambaa chembamba kilichofumwa kwa kubana huzuia hewa kuliko kizito kidogo chenye nafasi kati ya nyuzi. Kiinueni kwenye mwanga muone kama vitundu vinaonekana. Kisha kiwekeni karibu na midomo, mpulize, na kiganja kiwe upande wa pili. Pumzi isipofika kiganjani, kirudisheni kwenye jora.

Sasa sufu. Hunyonya mvuke hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Poliesta hainyonyi hata asilimia 1. Pamba hunyonya vizuri, lakini ikilowa hukawia kukauka na hugandamana na mgongo. Sufu ninayoipendekeza kwa moyo wote ni ile ya uzi uliosokotwa sana, ufumaji wa moja juu moja chini, kati ya gramu 250 na 280 kwa mita. Fresco, iliyoanzia Huddersfield, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, ni ya jamii hiyo. Uzi wa namna hii hauna manyoya ya kuziba vitundu, na ukikunjwa hurudi wenyewe. Ukichanganywa na moheri, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, hukakamaa zaidi na mkunjo wa suruali hudumu. Wengine huona unakwaruza. Wenye ngozi nyepesi waujaribu kwanza.

Msidanganyike na lebo ya Super 150s. Namba hiyo inaeleza wembamba wa unyoya tu. Super 100s ni mikroni 18.75 au pungufu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na namba ikipanda unyoya unazidi kuwa mwembamba. Haisemi lolote kuhusu hewa. Tena sufu laini mno hunyong'onyea kwenye unyevu, na jioni suti imeshapoteza umbo.

Kitani nakipenda, na mikunjo yake naikubali. Chagueni kizito kidogo, maana chepesi sana hujikunja vijikunjo vidogovidogo kila mahali, ilhali kizito hutoa mikunjo michache mipana.

Lakini yote niliyosema yanaweza kuharibiwa na kitu ambacho mnunuzi hakiangalii kabisa: bitana. Mnachagua kitambaa kinachopitisha hewa, kisha koti zima linafunikwa kwa ndani na poliesta. Hapo ni sawa na kuvaa nailoni chini ya suti. Mwambieni fundi aweke bitana mabegani na mikononi tu, ili mkono uteleze, na mgongo auache wazi. Bitana yenyewe iwe ya kupro, inayotengenezwa kwa nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba. Fundi akitaka malipo zaidi kwa koti lisilo na bitana kamili, msimshangae: mishono yote ya ndani sasa inaonekana, na kila mmoja unahitaji kumaliziwa kwa utepe. Na kabla hajakata, muulizeni sehemu ya kifua ataishikiza kwa gundi au kwa kanvasi ya kushona, yaani kitambaa kigumu cha ndani kinachoshonewa. Gundi huziba vitundu vilevile mlivyovilipia.