Samaki wa Mlima wa Mawingu Meupe: Kumfuga na Kumzalisha Katika Tangi la Kioo

Ndugu wafugaji, mabibi na mabwana, nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza juu ya samaki mdogo ambaye nimemfuga kwa miaka mingi. Jina lake la kisayansi ni Tanichthys albonubes. Hufikia takribani sentimita 4, ana mstari unaong'aa ubavuni na wekundu mkiani, na huishi kwa makundi. Neno la kwanza la jina hilo linamkumbuka Tan, kiongozi wa maskauti aliyemkuta katika vijito vya Mlima Baiyun, karibu na jiji la Guangzhou, kusini mwa China. Neno la pili ni la Kilatini na lina maana ya mawingu meupe, ambayo ndiyo maana ya Baiyun kwa Kichina. Lin Shu-yen ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1932. Nimeanza na mlima kwa makusudi, kwa kuwa makosa mengi tunayomtendea samaki huyu yanatokana na kusahau alikotoka.

Kosa kubwa kuliko yote ni joto. Tumezoea kudhani kwamba kila samaki wa mapambo anahitaji maji ya vuguvugu, kumbe huyu hustawi kati ya nyuzijoto 16 na 22, na huweza kuvumilia baridi kali kuliko hiyo. Maji yanapopata joto hushika oksijeni kidogo: maji baridi ya nyuzijoto 18 yanaweza kubeba takribani miligramu 9.5 za oksijeni kwa lita, ilhali kwenye nyuzijoto 28 kiasi hicho hushuka hadi karibu 7.8. Wakati huohuo mwili wa samaki aliyepashwa joto hufanya kazi kwa kasi zaidi na kudai oksijeni nyingi zaidi, kwa hiyo anabanwa pande zote mbili. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliwachanganya na samaki wa maji ya moto; walihema kwa haraka, rangi zikafifia, na hakuna hata mmoja aliyemaliza mwaka. Bado najutia jambo hilo, na ndiyo sababu ya kulisisitiza hapa.

Tangi lenye urefu wa sentimita 60 linawatosha samaki kumi, na kwa maoni yangu hawafai kupungua wanane. Wakiwa wachache hujificha na kupoteza rangi. Wakiwa wengi, madume hutanua mapezi na kuzungukana mbele ya majike bila kuumizana, na hapo ndipo uzuri wao unapoonekana. Tangi lifunikwe, maana huruka. Chujio liwe limekwisha kukomaa, yaani bakteria wake wawe na uwezo wa kugeuza amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, kazi ambayo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla samaki hawajaingizwa.

Kuhusu uzazi, dume hujulikana kwa wembamba na rangi kali, na jike kwa tumbo lililojaa. Majike yakilishwa vizuri kwa dafnia, yaani viroboto-maji, na viluwiluwi vya mbu, hutaga mayai machache machache na kuyatawanya kwenye majani na kwenye kuvumwani, yaani mimea midogo laini ya majini. Wazazi hawayalindi, ingawa walioshiba huyala kwa nadra kuliko samaki wengi wa aina yao. Mfugaji asiye na haraka anaweza kuwaacha katika tangi lenye mimea mingi, na vifaranga wachache watajitokeza wenyewe. Anayetaka wengi awaweke wazazi kwenye tangi dogo lenye kuvumwani kwa siku chache, kisha awaondoe. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu hivi.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Kifaranga huanza kwa kujishikiza kwenye kioo au jani, akitumia kiini cha yai alichobaki nacho, na hahitaji chakula. Akianza kuogelea, kinywa chake ni kidogo mno hata kwa artemia, yaani vijiduvi vya maji ya chumvi, waliototolewa siku hiyohiyo. Apewe viumbe wadogo sana wanaoota katika maji yenye majani yaliyolowekwa, au minyoo ya siki, mara kadhaa kwa siku na kidogo kidogo. Artemia hufuata baadaye, kifaranga anapoweza kuwameza. Chombo cha kukuzia viumbe hao wadogo kiandaliwe kabla ya mayai kutagwa, kwa kuwa kifaranga hasubiri. Chujio la sifongo ndilo salama, na maji yabadilishwe kwa kiasi kidogo, yakiwa na joto lilelile.

Porini samaki huyu aliadimika kiasi cha kudhaniwa ametoweka, mpaka makundi machache yalipopatikana tena kusini mwa China, yakiwemo ya kisiwa cha Hainan. Kwa hiyo nawasihi tusizalishe ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi, wala tusimwachie kamwe katika mito isiyo yake. Mimi hubadilishana madume na mfugaji mwenzangu kila mwaka, na wageni hao hukaa peke yao wiki nne katika tangi lao, lenye wavu wake na ndoo yake, kabla ya kuchanganywa na kundi.