Mama Neema na Namba ya Siri

Shikamooni wakubwa. Vijana, habari za mchana. Nimetoka Uyole na mvua mmeiona wenyewe, kwa hiyo viatu vyangu msivitazame.

Nimeombwa niseme habari ya elimu ya kidijitali mitaani kwetu. Naanza na siku niliyoaibika. Darasa la kwanza nililiandaa kama nilivyofundishwa chuoni: projekta, na somo la "Kompyuta ni nini". Wakaja kina mama kumi na mmoja. Umeme ukakatika nikiwa bado kwenye historia. Mama mmoja, muuza viazi, akainuka, akakaza khanga yake, akaniambia: "Ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, "mwanangu. Ila mimi nilikuja unisomee meseji hii."

Meseji mnaijua. "Ile hela tuma kwenye namba hii." (Kicheko.) Mnacheka, lakini mwenzenu siku hiyo alikuwa anadaiwa hela ya mbolea, na alishaanza kuulizia wakala yupo wapi. Mwizi hakumjua huyu mama. Anatuma kwa maelfu ya watu, na kati ya maelfu hakosekani mwenye deni.

Somo likageukia pale pale gizani. Meseji kama hiyo haijibiwi. Unampigia unayemdai au anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo siku zote. Ya tapeli unairipoti kwa 15040. Halafu tukabonyeza *106#, kila mmoja aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukimya ulioingia pale, sijawahi kuupata kwa projekta.

Nikauliza: ni nani hapa namba yake ya siri anaijua peke yake? Mikono miwili. M-Pesa imeingia nchini 2008, na mama hawa wanatuma na kupokea hela kila siku ya soko. Lakini wanachofanya ni kumkabidhi wakala simu, kisha wanamtajia tarakimu nne kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Simsemi wakala vibaya, wengi ni waungwana. Nasema mama anayejua kupanga bei ya gunia hadi shilingi ya mwisho, na kumkatalia dalali lumbesa, hela yake mwenyewe anaifungua kwa mkono wa mtu mwingine.

Na hao wawili walionyoosha mikono? Walikuwa wameweka mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Sasa mtu anaitwa Mama Neema mtaa mzima, na mtaa mzima ulikula pilau siku Neema anabatizwa! Tulibadilisha namba zote jioni ile, kila mtu amegeukia ukuta wake kama watoto wanaocheza kombolela.

Tangu hapo mwalimu mkuu si mimi tena. Ni yule muuza viazi. Mimi nikisema "nywila" wananitazama tu. Yeye anasema "namba ya siri", na mwenye umri mkubwa akikwama anamaliza kwa Kinyakyusa. Mimi nikimwambia bibi "bonyeza hapa", anaogopa ataharibu simu ya mjukuu. Yeye anamwambia, "Hata mimi niliogopa." Sijapata bado njia ya kulifundisha hilo chuoni.

Vijana wa kompyuta mliokaa nyuma, hili ni lenu. Kompyuta ya mwanzo mwanzo iitwayo ENIAC ilipoonyeshwa hadharani Marekani mwaka 1946, wanawake sita ndio waliokuwa wameipangia hesabu zake. Wakati ule kazi hiyo ilidhaniwa ya ukarani tu. Sifa zilikwenda kwa mafundi wa chuma na waya, na majina ya wale sita yakakaa kimya miaka mingi. Kwa hiyo ukiniambia wasichana hawaiwezi programu, nitakuuliza nani alianza.

Na kuna jambo ambalo haliwezi kufanyika bila hawa mama. Kompyuta inajifunza kusikia kwa kulishwa sauti za watu. Mozilla, wale wenye kivinjari cha Firefox, wana mradi wa kukusanya sauti uitwao Common Voice, na Kiswahili kimo: unasoma sentensi fupi, sauti inarekodiwa, mwingine anasikiliza na kuikubali au kuikataa. Basi. Sasa wakijitokeza vijana wa Dar es Salaam peke yao, mashine itazoea matamshi ya Kariakoo. Siku Mama wa Tukuyu atakapoiuliza bei ya ndizi kwa lafudhi yake, itamjibu haijamwelewa, na yeye ataona kosa ni lake. Sentensi moja haichukui hata dakika. Tumeanza kuzisoma darasani baada ya somo, na wanagombania zamu, maana wanapenda kujisikia.

Tunakutana Alhamisi saa tisa, soko likishapungua. Tuna simu janja nne kwa watu zaidi ya ishirini, na moja kati yake kioo kimepasuka upande wa herufi "a", tunaizunguka tu. Mwenye simu ya zamani nyumbani ambayo bado inawaka, aniachie pale mlangoni. Na chaja yake, tafadhali. Mara ya mwisho nililetewa simu tatu na chaja hakuna hata moja.