Binti Yetu Amerudishwa Nyumbani kwa Sababu ya Kilemba

Hamjambo jamaa zangu? Leo hamnioni jikoni kwangu Birmingham, Uingereza, mlikonizoea. Niko nyumbani Nairobi, juu ya paa la ploti yetu hapa Umoja, na hizo kelele mnazosikia ni za makanga na za jirani anayeanika nguo. Nilikuwa nimewaahidi video ya Gikomba, tukaangalie mitumba na bei zake. Itangoja. Kuna jambo limeingia nyumba hii wiki hii, na siwezi kusema lingine kabla sijalitoa kifuani.

Binti ya dada yangu, ambaye kwetu ni binti yangu pia, ameanza Gredi ya 10. Mnajua hili ndilo darasa la kwanza kabisa kuingia sekondari ya juu kwenye mtaala mpya, kwa hiyo wazazi wamekimbizwa huku na huko tangu Desemba. Tukanunua sketi mbili, shati tatu, sweta, viatu, soksi. Jumatano alitoka saa kumi na mbili asubuhi, sare imenyooka, kilemba cheupe kichwani. Saa mbili na nusu akawa amerudi. Mwalimu wa zamu alimwambia langoni: toa hicho kitambaa, ama urudi na mzazi. Hakukitoa. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa sababu nauli aliyokuwa nayo ilikuwa ya jioni.

Sisi ni Wakorino. Najua wengine wenu mnaonitazama kutoka Tanga na Mombasa mmewaona tu Wakorino njiani, wakipita na ngoma zao wamevaa meupe. Ni kanisa lililoanza miongoni mwa Wakikuyu miaka ya 1920, na kilemba, kiremba kwa Kikuyu, ndicho alama yake, kwa wanaume na kwa wanawake. Serikali ya mkoloni haikuwapenda. Mwaka 1934 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watatu wao katika msitu wa Ndarugu, mmoja akiwa Joseph Ng'ang'a, nabii wa siku za mwanzo. Mama yangu huisimulia habari hiyo kama mambo ya juzi. Ndiyo maana neno "kitambaa" lilimuuma kuliko hata mtoto kurudishwa.

Ngoja nisogeze kamera. Hiki ni cha mama. Tazameni huku pembeni, mshono umerudiwa kwa uzi wa rangi ya maziwa kwa sababu ule mweupe kabisa ulimwishia. Pamba tupu. Hufuliwa kwenye beseni lake peke yake, hakichanganywi na soksi wala shuka. Jumamosi jioni mama hukinyunyizia maji kwa vidole, hukikunja mara nne, hukipiga pasi kuanzia katikati kwenda nje. Hajawahi kuniachia nimpigie pasi. Nina umri wa miaka thelathini na saba.

Mimi nilikitoa. Nataka mlijue hilo, kwa sababu wengine mtasema huyu wa ng'ambo ni rahisi kwake kuongea. Mwaka 2003, shule ya bweni nje ya Nairobi, siku ya kujiunga na kidato cha kwanza. Tulikuwa tumefika na sanduku la mabati, godoro, ndoo, kila kitu kilichoandikwa kwenye barua. Naibu wa mwalimu mkuu alisema maneno yale yale: toa hicho kitambaa. Mama aliangalia sanduku, akaangalia risiti ya karo aliyolipa kwa kuuza mboga soko la Mutindwa, akanitazama mimi, kisha akageuza uso upande wa barabara. Nikakitoa mwenyewe. Nikakiweka chini ya blanketi sandukuni.

Muhula mzima nilikuwa nakivaa usiku, taa zikizimwa, nasali nacho chini ya shuka kama mtu aliyeiba. Siku ya wazazi mama alikuja na kilemba chake. Alinikuta kichwa wazi. Hakusema neno. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, na macho yake hayakupanda juu ya nyusi zangu saa zote mbili alizokaa. Sitaki binti huyu akae na mama yake namna hiyo.

Jambo la kwanza nililofanya Jumatano ni kumwita hapa juu, peke yake, bila dada yangu na bila shosho yake. Nikamuuliza: wewe mwenyewe unakitaka? Maana angeniambia hakitaki, anakivaa kwa kuogopa nyumbani, ningeshuka ngazi hizi kumtetea kwa nguvu hizi hizi. Akanijibu, "Tata, nikikitoa ni kama nimeenda shule bila sketi." Basi.

Sasa shule. Mwalimu mkuu alimwambia dada yangu kwa simu kwamba sare ni usawa, watoto wote wafanane. Nimelifikiria neno hilo siku nne. Mimi naiamini sare. Sare ndiyo iliyonisitiri mimi mtoto wa muuza mboga nikakaa dawati moja na mtoto wa wakili. Lakini sweta ya shule hii lazima inunuliwe kwenye duka lililotajwa kwenye barua, na nembo yake, wakati fundi wa hapa chini angeishona kwa nusu ya bei. Mwenye viatu vipya vya ngozi na mwenye viatu vilivyobandikwa soli mara mbili wanajulikana kutoka ng'ambo ya uwanja. Hao wote wanapita langoni. Anayesimamishwa ni yule mwenye mita mbili za pamba ambazo hazimwambii mtu yeyote kama baba yako ana gari au hana. Kama tunatafuta usawa, jamani, tuutafute mahali ulipopotea.

Na sheria ipo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Shule hii ilianzishwa na kanisa, na hiyo si dhambi, nusu ya shule zetu nzuri zilianzishwa na makanisa. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inapompa mfadhili wa shule, kama hilo kanisa, kazi ya kulea mambo ya kiroho shuleni, inamtaka hapo hapo alinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake.

Mahakama zetu zimeyumba katika jambo hili, siwafichi. Mwaka 2012 msichana Mwislamu wa shule moja ya hapa Nairobi alienda Mahakama Kuu kuomba avae hijabu, akashindwa. Kule Isiolo wasichana Waislamu waliruhusiwa kuvaa hijabu na suruali nyeupe katika shule iliyofadhiliwa na kanisa la Methodist. Kanisa likashtaki, likashinda Mahakama Kuu mwaka 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo wa rufaa, na mtaani habari ikawa moja: hijabu imepigwa marufuku. Hapana. Majaji walishikilia zaidi namna madai yale yalivyoletwa mbele ya mahakama, wakasema anayetaka suala lenyewe liamuliwe alifungue upya Mahakama Kuu. Tofauti hiyo ni kubwa, na walimu wengi wakuu wanatembea na ile habari ya mtaani mfukoni.

Kwa sababu mwaka huo huo, Septemba 2019, kulikuwa na kesi ya msichana wa Kibera. Kidato cha kwanza, familia ya Kirastafari, amefukuzwa kwa sababu ya rasta zake, ingawa alizifunika kwa kilemba. Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine na mtoto arudi darasani. Yule msichana simjui, lakini nilipoisoma hukumu ile nikiwa kwenye basi Birmingham nilishuka kituo kisicho changu.

Hebu niwaambie kuhusu huko ninakoishi, kwa kuwa jambo hili hili lilipita pale. Mwaka 1978 mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi ya Birmingham alimkataa mvulana wa Kisikh, Kalasinga tunavyowaita, kwa sababu ya kilemba na nywele zisizokatwa. Sababu aliyotoa? Kwamba alitaka kupunguza tofauti za dini na za kijamii kati ya watoto. Si ndiyo hiyo hiyo ya mwalimu wetu? Mahakama ya Rufaa ilimkubalia. Mwaka 1983 baraza la juu, Nyumba ya Malodi, lililokuwa ndilo mahakama ya mwisho huko wakati huo, likampa haki mtoto na baba yake. Leo ninafanya kazi ya kutunza wazee na kijana wa Kisikh ambaye kilemba chake ni cha rangi ya sare yetu ya kazi. Anainua mzee kitandani, anampa dawa, anaandika kitabuni. Wazee humwita akichelewa.

Mwalimu wa zamu naye ana hoja, na sitaki kumvunjia heshima. Ana watoto zaidi ya elfu moja. Akiruhusu kilemba leo, kesho kuna wa kofia, keshokutwa wa shanga, na mmoja aliyegundua dini wiki iliyopita ili asinyolewe. Mpaka lazima uwepo. Hata Uingereza upo: mwaka 2006 msichana Mwislamu wa Luton aliyetaka kuvaa jilbabu ndefu badala ya mavazi yaliyoruhusiwa shuleni alishindwa katika baraza lile lile. Lakini shule yake ilikuwa tayari imeruhusu hijabu na shalwar kamiz, ile suruali na kanzu, na kabla ya kuandika kanuni ilikaa na wazazi na misikiti. Ilisikiliza kwanza. Hapa kwetu mtoto anasikilizwa langoni na mwalimu wa zamu, saa moja asubuhi, wenzake wakipita.

Ijumaa dada yangu alienda. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, lakini mwalimu mkuu alimpa kiti, akamsikiliza, akasema atafikiria kama kilemba kitakuwa na rangi ya sare na kitaacha masikio wazi wakati wa mtihani. Buluu nzito. Hapo sasa kazi ikahamia kwa mama, kwa sababu kwake cheupe ni cheupe. Alikaa kimya mpaka chakula kikapoa. Akaingia chumbani kusali. Alipotoka akasema kichwa kikifunikwa, rangi Mungu ataielewa. Nyinyi hamjui maneno hayo yamemgharimu nini mwanamke aliyesimuliwa habari za Ndarugu akiwa mgongoni mwa nyanya yake.

Kitambaa tulikipata Gikomba jana. Fundi alikilinganisha na pindo la sketi kwenye jua, nje ya kibanda, akakataa vipande viwili kabla ya kukubali cha tatu. Akashona pembe zote nne kwa cherehani ya miguu, shilingi mia mbili, akasema hizo ni za uzi tu.

Kesho ni Jumatatu. Saa moja kasoro robo tutakuwa langoni: mama, dada, mimi na yeye, cha buluu kichwani na cheupe kwenye begi, kimekunjwa mara nne. Bodi ya shule bado haijaandika barua ya ruhusa. Walimu mnaonitazama, niandikieni hapa chini mliyaamua vipi kwenye shule zenu, nitasoma yote usiku huu. Sasa naizima simu, mama ananiita. Amesema cha kesho nikipige pasi mimi.