Mzee Dubs na namba iliyoondolewa kwenye sheria

Ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Karibuni tena.

Swali mnaloniuliza kuliko yote siku hizi ni hili: Uingereza inapokea wakimbizi au haipokei? Wiki hii mnasikia serikali imekaza, wiki ijayo mnasikia mahakama imelegeza, na huko kijiweni kila mtu ana habari yake. Mara nyingi nimewajibu kwa kueleza fomu na viza. Leo nitawaeleza habari za mtu mmoja, mtunga sheria, kwa sababu ukimfuatilia yeye utaona uamuzi unafanyika wapi hasa, na unakwama wapi.

Anaitwa Alf Dubs. Mimi humwita Mzee Dubs, maana kwa umri wake siwezi kumtaja kavukavu. Alizaliwa Prague mwaka 1932, baba yake Myahudi. Machi 1939 majeshi ya Hitler yakaingia mjini, na baba akaondoka haraka kuja London. Mama alinyimwa ruhusa ya kutoka. Basi akafanya jambo ambalo kila nikilifikiria natulia kidogo: akampeleka mwanawe wa miaka sita stesheni, akampandisha kwenye treni iliyojaa watoto, wanajeshi wa Kinazi wamesimama pale pale, naye akabaki.

Mzee Dubs ameisimulia safari hiyo mara nyingi hadharani. Mabenchi ya treni yalikuwa ya mbao, magumu. Mama yake alimfungia chakula cha njiani, na mtoto alifika London bila kukigusa. Yeye alikuwa na bahati kubwa, kwani baba yake alikuwa anamsubiri, na mama naye alifanikiwa kuvuka siku za mwisho kabla vita havijaanza. Wengi wa wale watoto hawakuwaona wazazi wao tena.

Treni hizo zinajulikana kwa jina la Kijerumani, Kindertransport. Zilileta Uingereza watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, na watoto 669 kati yao walitoka Prague kwa jitihada za kijana mmoja wa London, Nicholas Winton, na wenzake. Ukifika stesheni ya Liverpool Street, nje kidogo, utaona sanamu yao. Watoto watano wa shaba na masanduku yao, wamesimama wanaangalia mbele, hawajui nani anakuja kuwachukua. Watu wa ofisini wanapita na vikombe vya kahawa, wengine wanakaa pale chini kula mchana. Nendeni mkaione mkipata nafasi ya kuja, haina kiingilio.

Lakini naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu watu husimulia habari hiyo kana kwamba Uingereza ilifungua moyo tu. Hapana. Bunge lilijadili Novemba 1938, serikali ikakubali watoto waje, na ikaweka masharti. Wazazi hawaji. Na kila mtoto lazima awe na mdhamini, baadaye ikawa ni dhamana ya pauni 50 kwa kichwa, hela nyingi sana wakati ule. Kwa hiyo hata rehema ile ya mwaka 1938 ilikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na bei.

Mtoto yule alikua. Akaingia chama cha Labour, akawa mbunge wa Battersea hapa London kuanzia 1979 hadi 1987 aliposhindwa uchaguzi. Akaenda kuongoza Baraza la Wakimbizi, shirika kubwa la kuwasaidia waomba hifadhi nchini humu. Mwaka 1994 akateuliwa kuingia Lords. Kwa wasioijua Lords: Bunge la huku lina mabaraza mawili. Commons ndilo la wabunge wa majimbo, wanaopigiwa kura. Lords ni baraza la juu, wajumbe wake hawapigiwi kura na mwananchi yeyote. Mswada unapita kote kuwili, na mabaraza yakipishana, mswada unarushwa huku na huku mpaka upande mmoja ulegee.

Sasa tuje 2016. Mnakumbuka miaka ile, watu wanavuka Mediterania, boti zinazama, na picha tunaziona wote kwenye simu. Ulaya ilikuwa na maelfu ya watoto waliofika peke yao, bila mzazi wala mlezi. Wengine walilala kambini Calais, upande wa Ufaransa, ng'ambo tu ya maji. Serikali ya waziri mkuu David Cameron ilikuwa inapeleka mswada wa uhamiaji bungeni, mswada wa kukaza. Mzee Dubs, miaka 83 wakati huo, akaleta marekebisho: Uingereza ichukue watoto 3,000 wa aina hiyo waliokwishafika Ulaya.

Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ukiwachukua walioko Ulaya tayari, unawashawishi wazazi wengine wawapandishe watoto wao boti. Bora kuwasaidia wakimbizi kwenye kambi zilizo karibu na Syria. Sitaki kuidharau hoja hiyo. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunajua maana ya nchi jirani kubeba mzigo, tumeiona Dadaab, tumeiona Kakuma, tumeiona Kigoma. Lakini mtoto aliyelala kwenye tope Calais yuko Calais leo. Kumwambia kwamba umempelekea hema mtu mwingine Jordan hakumtoi pale.

Tarehe 21 Machi 2016 Lords wakapiga kura: 306 wakakubali, 204 wakakataa. Mswada ukarudi Commons. Tarehe 25 Aprili Commons wakayatupa marekebisho, kura 294 kwa 276. Zishikeni hizo namba mbili, nitazirudia.

Mtu mwingine angesema basi, nimejitahidi. Yeye akarudi siku iliyofuata. Ila hapa ndipo palipo na utamu na uchungu wa habari hii. Commons walikuwa wamekataa kwa sababu ya gharama kwa fedha za umma, na Lords kwa desturi hawabishani na Commons kuhusu fedha. Ili marekebisho yaweze kurudi, ilibidi yaandikwe upya. Akaiondoa namba. Ile 3,000 ikafutwa, na mahali pake pakawekwa maneno kwamba serikali italeta idadi itakayopangwa, na kwamba idadi hiyo itaamuliwa na serikali yenyewe baada ya kushauriana na halmashauri.

Tarehe 26 Aprili Lords wakayapitisha kwa 279 dhidi ya 172. Sasa shinikizo likapanda. Wabunge wa chama tawala wenyewe wakaanza kunong'ona, magazeti yakaandika, watu waliookolewa na zile treni za 1939 wakajitokeza wakasema. Tarehe 4 Mei Cameron akalegeza. Tarehe 12 Mei mswada ukawa sheria kamili, Sheria ya Uhamiaji ya 2016, na maneno ya Mzee Dubs yamo ndani kama kifungu cha 67. Mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote, kwenye chama cha upinzani, alikuwa ameilazimisha serikali yenye wingi wa viti. Mimi nasema kwa moyo wote, hiyo ni kazi ya mtunga sheria. Nampenda yule mzee.

Na bado, ndugu zangu, ile namba.

Sheria ilisema "lazima" na ikasema "haraka iwezekanavyo." Lakini haikusema wangapi. Ni sawa na mjomba anayeahidi mbele ya ukoo mzima kwamba atasomesha watoto wa marehemu, halafu hataji wangapi. Kwanza serikali ikaweka tarehe: mtoto awe alikuwa Ulaya kabla ya 20 Machi 2016. Aliyefika 21 Machi, samahani. Oktoba kambi ya Calais ikabomolewa, na hapo ndipo watoto wengi wa mwanzo walipoletwa. Kisha Februari 2017 waziri akatangaza kwamba wameshazungumza na halmashauri, nafasi zilizopatikana ni 350 kwa jumla, na 200 zimeshatumika. Watu walikuwa wanangoja 3,000. Aprili wakasema kulikuwa na hitilafu ya kuhesabu, nafasi 130 za halmashauri zilisahaulika. Zikawa 480. Nafasi 130 zilisahaulika! Kila nafasi moja hapo ni mtoto na kitanda chake. Mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Shirika moja likaishtaki serikali. Mahakama Kuu haikuligusa lile hesabu. Oktoba 2018 Mahakama ya Rufani ikasema serikali ilikosea katika jambo jingine: watoto waliokataliwa Calais hawakupewa sababu za kutosha za kukataliwa, na huko ni kutotenda haki. Ushindi, ndiyo, lakini ulikuwa ushindi wa barua, namba ilibaki ileile. Nafasi zote 480 zilikuja kujazwa mwaka 2020, miaka minne baada ya sheria kusema haraka iwezekanavyo.

Mzee hakunyamaza. Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilipokuja, akaona pengo jingine. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, mtoto aliyeko Ufaransa au Ugiriki mwenye ndugu Uingereza aliweza kuomba kesi yake ihamishiwe huku. Brexit ingeifuta njia hiyo. Mwaka 2018 akafanikiwa kuingiza kwenye sheria ya kujitoa sharti kwamba serikali ijadiliane na Ulaya ili njia ibaki. Desemba 2019 serikali mpya ikashinda uchaguzi kwa kishindo, na Januari 2020 ikalipunguza sharti lile likabaki wajibu wa kutoa taarifa tu. Lords wakalirudisha, Commons wakalifuta. Safari hii wingi wa serikali ulikuwa mkubwa mno.

Kwa hiyo mnaponiuliza, Uingereza inapokea au haipokei, jibu langu ndilo hilo. Ukisikia sheria imepita, usishangilie wala usilie. Uliza: ina namba? Namba inapangwa na nani? Tarehe ya mwisho ni ipi? Nani analipa, serikali kuu au halmashauri? Magazeti yetu ya nyumbani yanaandika kichwa cha habari tu, halafu mtu anauza shamba kwa sababu amesikia "wamefungua."

Na msidhani Bunge hili kazi yake ni kuchelewa tu. Likitaka huenda mbio. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuja huku kwa wingi. Bunge hilohilo lilitumia siku tatu tu kupitisha sheria ya kuwazuia. Siku tatu, kwa watu waliokuwa na pasipoti ya nchi hiyo mkononi! Wazee wa Nairobi na Mombasa wanaikumbuka. Watoto 480 walingoja miaka minne.

Kuna mama mmoja ameniuliza, na najua anauliza kwa niaba ya wengi: mtoto akifika Uingereza peke yake akapewa hifadhi, anaweza kuwaita wazazi? Mama yangu, hapana. Kanuni za huku hazimruhusu mtoto mkimbizi kuwa mdhamini wa wazazi wake. Mtu mzima mkimbizi ndiye aliyekuwa na njia ya kumleta mwenzi na watoto wake wadogo, na hata hiyo, Septemba 2025 serikali ilisimamisha kupokea maombi mapya. Yeyote anayekwambia tanguliza mtoto, mtafuata, anakudanganya, na anayelipa ni mtoto.

Sasa nizungumze na nyinyi mlioko huku pamoja nami, na nyinyi wa nyumbani muwatumie video hii ndugu zenu walioko Leicester, Reading, Glasgow. Zile namba nilizosema mzishike: 294 kwa 276. Tofauti ni kura 18. Wabunge kumi tu wangehamia upande wa pili, watoto 3,000 wangekuwa ndani ya sheria, kwa namba, tangu 2016. Na jinsi kila mbunge alivyopiga kura kumeandikwa kwa jina, kupo wazi kwenye kumbukumbu za Bunge, unatafuta unaona.

Na wengi wetu hatujui hili: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi huku kihalali, mwenye miaka 18, ana haki ya kupiga kura uchaguzi wa Bunge la Uingereza. Huhitaji uraia wa Uingereza. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda, wote tumo. Uwe mwanafunzi, uwe muuguzi, uwe na viza ya kazi. Kujiandikisha ni bure, mtandaoni, dakika chache, na siku ya kura pasipoti yako ya Kenya au ya Tanzania inakubalika kama kitambulisho. Nimekutana na watu waliokaa huku miaka mingi, wanalipa kodi kila mwezi, na hawajui jina la mbunge wao.

Andika postikodi yako kwenye tovuti ya Bunge, jina litatokea. Kisha angalia amepiga kura vipi kwenye miswada ya uhamiaji, na umwandikie barua. Ukiwa mkazi wa jimbo lake, anapaswa kukusikiliza. Nimeweka maelekezo ya kujiandikisha hapo chini, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Ukikwama niulize, nitakujibu.