Nilimkataa kwa Lafudhi Yake

Hamjambo, ndugu zangu? Leo naongea nikiwa kwenye gari, nimeegesha nje ya kazini hapa Chicago. Mkiona moshi unatoka mdomoni sivuti sigara, ni baridi hiyo.

Mnajua kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Sasa hili jina la Jumanne mnaloniita, huko ndani hakuna anayelijua. Najiita Jay. Nilianza baada ya kusoma utafiti wa wachumi wawili, Bertrand na Mullainathan, uliotoka 2004. Walituma CV za kubuni karibu 5,000 hapa Chicago na Boston, sifa zilezile, majina tofauti. Wenye majina ya kizungu, akina Emily na Greg, walipata simu moja ya mwajiri kwa kila maombi 10 hivi. Wenye majina ya Wamarekani weusi, akina Lakisha na Jamal, simu moja kwa kila maombi 15. Nikajiuliza, Jumanne je, itakuwa ngapi?

Haya, juzi asubuhi mteja kaniambia, "Nipe mtu anayejua Kiingereza." Nikameza. Jioni napiga simu kwenye kampuni ya bima, kapokea dada mmoja, lafudhi nzito, hata sikujua ni mtu wa wapi. Hajamaliza kujitambulisha, mimi nimeshaamua huyu hawezi kunisaidia. Nikamwambia aniunganishe na mwingine. Akanyamaza kidogo. "Sawa, bwana."

Ile "sawa" naijua jamani. Ndiyo ninayoisema mimi kila siku.

Wala sikumchukia, na hapo ndipo ninapoogopa. Ilikuja haraka, kama mkono unavyoruka ukigusa sufuria ya moto. Na nadhani kama asubuhi nisingedhalilishwa, ningemsikiliza. Nilikuwa nimeshushwa, nikatafuta wa kumshusha.

Msinicheke sana. Dada yangu ana vyumba vya kupangisha Mbagala. Dalali akimletea mpangaji, swali lake la kwanza ni kabila. Mwambie huo ni ubaguzi uone atakavyowaka: "Mimi nauliza tu!" Na mimi nilitaka tu huduma, si ndiyo?

Basi yule niliyeunganishwa naye, Kiingereza kimenyooka kama rula. Kaniweka dakika 40, na tarehe yangu ya kuzaliwa kaiandika sivyo. Kesho inabidi nipige tena, na huenda akapokea yuleyule dada.

Ngoja niwashe gari, vidole vimeganda.