Jinsi ya Kulaza Kontrola ya I2C Ikiwa Haina Kazi

Karibuni tena. Niko Umoja, Nairobi, na hapa mezani kuna bodi ya Linux inayokula betri ya sola, pamoja na sensa ya joto niliyonunua Luthuli Avenue. Sensa husomwa mara moja kwa dakika. Muda wote uliobaki kontrola ya I2C, yaani sehemu ya chipu inayozungumza na sensa kwa nyaya mbili, iko macho bure, kloki inapiga. Tuilaze.

Fungua terminali, uingie kwenye saraka ya kontrola ndani ya /sys, kisha power. Soma runtime_status. Ikisema unsupported, draiva (programu inayoendesha kontrola) haijawasha runtime PM, yaani mfumo wa kulaza kifaa kisipotumika huku bodi ikiendelea kufanya kazi. Tazama na faili ya control: ikiwa ni on, kerneli, kiini cha Linux, haitailaza kamwe. Andika auto.

Sasa draiva. Kwenye probe, funksheni inayoandaa kifaa mwanzoni, kloki tayari imewashwa, kwa hiyo ita pm_runtime_set_active kwanza, ndipo pm_runtime_enable. Ukigeuza mpangilio huo, set_active itakataa. Weka pia autosuspend, yaani muda wa kusubiri kabla ya kulala, ya milisekunde 1000. Hakuna anayezima jiko kati ya chapati moja na nyingine, na usomaji mmoja wa sensa una mawasiliano kadhaa yanayofuatana. Runtime_suspend izime kloki, runtime_resume iiwashe. Kama chipu yako hupoteza rejista (mipangilio iliyohifadhiwa ndani yake) umeme ukikatwa, zirudishe humo humo kwenye runtime_resume.

Hatua inayofuata ndiyo iliyoninyima usingizi siku mbili, tafadhali iangalieni polepole. Kabla ya kutuma data unaongeza kaunta ya matumizi, ukimaliza unaipunguza; isipofika sifuri, kifaa hakilali. Mimi nilikuwa natumia pm_runtime_get_sync. Hiyo huongeza kaunta hata ikishindwa kuamsha kifaa! Tumia pm_runtime_resume_and_get, iliyoingia kerneli 5.10, ikishindwa hujirekebishia kaunta yenyewe. Kisha hakikisha kila njia ya kutokea kwenye funksheni inapitia pm_runtime_put_autosuspend, hasa zile za hitilafu. Return moja iliyosahaulika katikati inatosha kuikeshesha kontrola mpaka uzime bodi.

Tujaribu. Nachomoa waya wa SDA wa sensa, ule wa data, huu wa kijani. Nasoma joto: hitilafu, kama tulivyotarajia. Kwa draiva iliyosahau put kwenye njia ya hitilafu, runtime_status ingebaki active. Hesabuni nami sekunde moja, mbili… nasoma tena faili.

Suspended. Rudisha waya, usome joto: 24.